Ubishi wa Krismasi Ulionipeleka Bukundi

Tangu nirudi hamnipi nafasi. Kila ninayekutana naye hapa Bariadi ana swali lilelile: mzee alibatizwa au hakubatizwa, na yule mdogo wangu mbishi aliishia wapi? Nimechoka kusimulia kipande hiki sokoni na kile mlangoni mwa kanisa, na tayari nasikia vipande vyenyewe vinarudi kwangu vikiwa vimebadilika. Naandika yote mara moja.

Kwa ambaye karatasi hii itamfikia bila kunijua: mimi naitwa Kabula, nafundisha shule ya msingi, na Jumamosi nafundisha watoto mafundisho ya kipaimara. Baba yetu, Mzee Luhende, anaishi Bukundi, wilaya ya Meatu, kwa mdogo wangu Masanja. Mama yetu alikuwa Mkatoliki hadi kufa kwake. Baba hakuwahi kubatizwa. Alifuata ya wazee: alfajiri anatoka nje, anatema mate kidogo kuelekea mashariki, analisalimia jua na kuuombea mji wake. Mwaka jana, bila kuambiwa na mtu, akasema anataka maji ya ubatizo. Katekista wa kigango akamfundisha polepole, na padre akakubali kumbatiza siku ya Krismasi. Padre yule hufika kule mara chache. Baada ya Krismasi angekuja tena Pasaka, na kifua cha baba hakikuwa cha kungoja Pasaka.

Wiki moja kabla, Masanja akanipigia simu.

"Dada, mzee habatizwi tarehe ishirini na tano."

"Kwa nini?"

"Siku hiyo ni ya jua. Warumi walikuwa wanaliabudu jua tarehe hiyo, halafu kanisa likabandika jina la Yesu juu yake. Sasa nimtoe mzee kwenye jua la kwetu nimpeleke kwenye jua la Wazungu?"

Masanja analima pamba na kufuga ng'ombe. Hasomi habari za Warumi. Kuna mtu alikuwa amemtia maneno hayo, na nilidhamiria kumjua.

Bariadi hadi Lagangabilili

Niliondoka tarehe ishirini na mbili asubuhi kwa pikapu ya Sayi, aliyewahi kuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa anapeleka mbegu za pamba na pampu za kupulizia dawa kule Nkoma. Aliniwekea nafasi mbele, lakini nilipofungua mlango nikakuta katikati ameketi mzee mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha juu, begi la turubai mapajani.

"Mwangaluka, mwalimu," akasema.

Nikaitikia salamu, ila moyoni nikajiuliza amejuaje kuwa mimi ni mwalimu. Baadaye nilikumbuka kwamba Sayi aliniita hivyo mbele yake. Wakati ule sikukumbuka.

Alijitambulisha kwa jina la Elikana, mstaafu kutoka Shinyanga. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Huko mbele," akajibu. Mbele wapi? "Nitashuka nikifika." Mtu mzima anayekataa kutaja aendako simwamini, nanyi mnanijua. Nikasogeza mkoba wangu upande wa dirisha.

Hatujafika mbali akauliza, "Mwalimu, nyumbani kwenu jua linachomozea wapi mwezi huu?"

"Mashariki."

"Mashariki ipi? Mwezi wa sita linatokea upande huu. Sasa hivi liko kule." Akanyoosha kidole kushoto, kupita pua yangu. "Siku hizi ndipo linafika mwisho wa kwenda kusini. Linakuwa kama limesimama, halafu linaanza kurudi. Sisi huku hatushtuki, mchana wetu ni uleule. Lakini watu wa nchi za baridi mchana wao unafupika hadi wanaogopa. Ndiyo maana sikukuu nyingi za kale zimerundikana wakati huu."

Jua na sikukuu katika sentensi moja! Maneno yale yalikuwa ndugu wa maneno ya Masanja.

"Bwana, wewe unasali wapi?"

"Mkatoliki, kama wewe."

Nikashika rozari yangu shingoni. Ilikuwa nje ya gauni, kweli, lakini bado sikupenda alivyosema. Akatoa daftari lenye jalada gumu, akaandika kitu, akalifunga haraka alipoona naangalia.

Lagangabilili

Hapo Sayi alitakiwa kungoja pampu nyingine kumi na mbili, na aliyekuwa nazo hakuonekana. Tukaingia kwa mama mmoja anayeuza chakula karibu na ofisi mpya za wilaya, anaitwa Bi Zuhura. Alitupakulia wali na maharage yaliyoungwa kwa karanga, na kachumbari yenye pilipili iliyonitoa machozi. Ndicho chakula kizuri kuliko vyote nilivyokula njiani.

Elikana hakuacha mtu ale kwa amani. "Mama, na nyinyi Waislamu, mnayo sikukuu ya majira ya baridi?"

Bi Zuhura akacheka. "Baba, sisi tunafuata mwezi. Sikukuu zetu zinazunguka mwaka mzima. Nimefunga wakati wa kupanda, nimefunga wakati wa kuvuna, nimefunga nikiwa na mimba ya miezi miwili sijui. Hakuna baridi wala joto la kusema Idi ni yake."

Elikana akaandika kila neno, akatoka nje na daftari. Nilimwona kupitia mlangoni anauliza wapita njia jua huchomozea upande gani wa jengo la ofisi, kisha anachora paa na mistari kupita juu yake. Watu wawili wa meza ya jirani wakaacha kula.

"Huyo ni mpima ardhi," mmoja akasema.

"Wapima ardhi wana mashine. Huyo ana lake."

Haikuchukua muda mlinzi wa ofisi akamfikia, akamnyang'anya daftari, akamrudisha hadi mlangoni kwa Bi Zuhura. "Nani amekuja na huyu mzee anayechora majengo ya serikali?" Macho yote yakaja kwangu. "Mama, unamjua?"

"Simjui kabisa," nikasema.

Haukuwa uongo. Lakini nilisema kwa sauti ya mtu anayemsukuma mwenzake, na Elikana aliisikia. Alinitazama mara moja tu, akaenda kuketi kwenye kiti cha mlinzi.

Alikaa hapo saa nzima. Mlinzi alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa kama mtihani wa mtoto wake. Nilikuwa karibu vya kutosha kusikia.

"Hawa Warumi ni akina nani? Wanakaa kijiji gani?"

"Walikufa zamani, mwanangu."

"Wote?"

"Wote wa wakati ule."

"Na Waajemi?"

"Hao wapo, ila mbali. Wanakesha ule usiku mrefu kuliko yote wa mwaka, wanakula matikiti na makomamanga."

Mlinzi akafikiri. "Matikiti mwezi wa kumi na mbili?"

Sayi ndiye aliyemkomboa. Alikuja na pampu zake, akasema mzee huyu ni abiria wake, hana neno. Tulipoondoka Elikana alikuwa mtulivu kama mtu aliyetoka kunyolewa. Mimi ndiye niliyeshindwa kukaa vizuri. Hata hivyo nilijitetea moyoni: mtu asiyetaka kutaja aendako asitegemee kutetewa na wenzake.

Nkoma

Mvua ilitutangulia Nkoma. Korongo la mbele yake lilikuwa limejaa maji ya kahawia yanayobeba mashina ya mihogo, na Sayi akasema safari yake imeishia hapo, nasi tungoje maji yapungue. Tukapokelewa na mama mmoja mkulima wa pamba aliyekuwa anachukua mbegu zake kwa Sayi, Mama Neema, Mprotestanti mcheshi mwenye mikono mipana. Alitupa michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa, na maziwa, akanionyesha kitanda cha binti yake, na Elikana akatandikiwa sebuleni.

Giza lilikuwa halijaingia. Tumeketi barazani, Mama Neema akauliza bila hila, "Mzee, unaandika nini muda wote?"

"Naandika sikukuu zilitoka wapi."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

Basi akaanza. Akaeleza jinsi Warumi walivyosherehekea jua wakati linaanza kurudi. Akaeleza watu wa kaskazini kabisa waliowasha magogo makubwa na kuchinja mifugo ambayo isingepata majani hadi masika. Akaeleza Wayahudi wanaowasha taa siku nane katika majira hayohayo. "Na sisi Wasukuma?" Mama Neema akauliza. Elikana akatabasamu. "Baridi yetu sisi ni mwezi wa sita. Na huo ndio wakati wa ngoma zetu, ghala limejaa, upepo mkavu unavuma. Tungepewa sisi kupanga, Krismasi ingekuwa wakati wa mavuno."

"Kwa hiyo," nikaingilia, "unasema Krismasi ni ya jua?"

"Sijasema hivyo, mwalimu."

"Umetaja jua mara ngapi?"

Nikaaga nikaenda kulala bila kumaliza maziwa.

Asubuhi nilipoamka alikuwa nyuma ya nyumba anapiga mswaki, na daftari liko juu ya begi lake. Sitajitetea hapa. Nililifungua. Nyuma ya michoro ya jua, kwenye ukurasa wa mwisho, nikasoma: *Masanja Luhende, Bukundi. Baba yake. Tarehe 25. Nifike kabla.*

Nilikuwa nimesafiri siku nzima bega kwa bega na mtu niliyekuwa namtafuta. Ndiyo maana hakutaja aendako! Nikarudisha daftari, nikamshukuru Mama Neema kwa sauti ya chini, nikaenda hadi korongoni. Maji yalikuwa yamepungua hadi magotini. Nikavuka viatu mkononi, nikakodi pikipiki ng'ambo, nikamwacha Elikana na mswaki wake.

Mwanhuzi hadi Bukundi

Mwanhuzi nilibadilisha pikipiki. Kijana aliyenichukua alikuwa mchangamfu sana hadi alipofunga mkoba wangu nyuma na zipu ikaachia. Ndani kulikuwa na kitambaa cheupe, mita tano, nilichomnunulia baba kwa ajili ya ubatizo. Akakitazama, akanitazama.

"Mama, unakwenda kwa nani Bukundi?"

"Kwa Mzee Luhende. Ni baba yangu."

"Pole sana, mama."

Nilidhani ananipa pole ya safari. "Ahsante, tumeshapoa," nikamjibu.

Kuanzia hapo aliendesha taratibu, bila neno. Gurudumu lilipopata pancha, wafugaji waliokuwa wananywesha ng'ombe walimuuliza kitu kwa Kisukuma, akawajibu kwa sauti ya chini, wakavua kofia. Mama mmoja akaniletea kibuyu cha maziwa mgando, akaninywesha kama mgonjwa, akasema, "Mayu, mama yangu, jikaze." Nikanywa. Nilikuwa na njaa, na mawazo yangu yote yako kwa yule mzee wa daftari: atakuwa amefika wapi, ana njia gani ya mkato?

Jioni tulipokaribia mji wa Masanja nikaona watu wamesimama uani. Wanawake watatu walikuwa na kanga vichwani. Wifi yangu Minza, mke wa Masanja, akanikimbilia.

"Dada, nani amekufa?"

"Nikuulize wewe!"

Kumbe habari za sanda nyeupe zilikuwa zimetangulia kwa simu kutoka kwa wale wafugaji. Masanja alikuwa ameshapokea rambirambi za vijiji viwili, na majirani wameanza kufika. Baba mwenyewe alikuwa ndani anakula ugali. Alitoka kwa fimbo, amekonda kuliko nilivyotegemea, akatazama umati.

"Nimesikia nimekufa," akasema. "Nimemaliza kula kwanza."

Watu wakacheka hadi wengine wakaketi chini. Baba naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kile kikadumu hadi kila mmoja akanyamaza. Hapo ndipo nilipojua kwamba Pasaka ni mbali mno.

Bukundi

Nilingoja majirani waondoke. Masanja alikuwa anafunga zizi, nikamfuata.

"Nimemjua aliyekudanganya," nikamwambia. "Nimesafiri naye. Anaitwa Elikana."

Akageuka. "Mwalimu Elikana? Huyo alinifundisha dini sekondari. Mimi ndiye niliyemwita."

"Akuletee habari za jua?"

"Aje aniambie kama ni kweli. Nilimweleza habari zako, nikamwomba mkikutana asikwambie kitu, maana ungesema nimejitafutia shahidi." Akafunga mlango wa zizi kwa mti wa mwisho. "Maneno ya jua sikuyapata kwake."

"Uliyapata kwa nani?"

"Kwako, dada."

Nilitaka kucheka. Hakucheka.

"Krismasi ya mwaka jana, hapahapa uani. Tunakula pilau. Mke wangu akasema Yesu amezaliwa leo, wewe ukasema, nani kakwambia leo? Ukasema tarehe haimo kwenye Biblia, ni sikukuu ya jua ya Warumi, kila msomi anajua. Ukasema na mfupa mkononi. Kisha mkaendelea kula. Mimi sikuendelea. Baba yangu analisalimia jua kila asubuhi, na mimi nimekatazwa jambo hilo tangu utoto, na mama, na wewe. Halafu unaniambia sikukuu yetu wenyewe ni ileile?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata mfupa. Nilikuwa nimesoma jambo hilo mahali siku chache kabla, nusu ukurasa, nikatamani watu wa kijijini waone kwamba dada yao wa mjini anajua mambo. Mwaka mzima nilikuwa nimesahau. Yeye alikuwa amelibeba akiwa anapalilia, anapulizia dawa, anakamua. Na mimi nimekuja kilomita zote hizo nikimtafuta mwongo kwenye kiti cha jirani.

Niliingia ndani kumsaidia Minza kuosha vyombo.

Elikana alifika kesho yake mchana, tarehe ishirini na nne. Alipanda tela la trekta, kisha akatembea, suruali imekunjwa, viatu begani. Nilimpelekea maji ya kunawa kabla mtu mwingine hajamfikia, nikapiga goti.

"Mwalimu, nilisema sikujui. Na nimesoma daftari lako. Naomba unisamehe yote mawili."

Akanawa uso taratibu. "La kwanza lilikuwa kweli," akasema. "La pili nililijua, ulilirudisha kichwa chini." Kisha akaongeza, "Nami nilikujua tangu Bariadi nikanyamaza. Tusameheane."

Tukaketi wote uani: baba, Masanja, Minza na ungo wake wa mchele, Elikana na mimi. Elikana akamgeukia mwanafunzi wake wa zamani.

"Uliniomba ukweli. Nimeleta nilio nao. Hakuna aliyeandika siku aliyozaliwa Yesu. Wapo wanaosema kanisa lilichukua siku ya jua la Warumi. Wapo wanaosema hapana, lilihesabu miezi tisa tangu Maria alipopashwa habari, ikaangukia hapo. Wayahudi nao wana taa zao majira hayo, lakini wanakumbuka hekalu lao, si jua. Sikukuu kuwa za msimu mmoja hakuthibitishi kwamba moja imezaa nyingine. Kwenye baridi kila mtu hutaka moto na ndugu zake."

"Kwa hiyo ni ya jua au si ya jua?"

"Sijui."

Masanja akasimama. "Nimekutoa Shinyanga uje uniambie hujui?"

"Ndiyo. Angekuwepo anayejua ningekuletea huyo."

Minza akauliza bila kuinua kichwa, "Baba alizaliwa lini?"

"Tarehe moja mwezi wa saba," nikajibu. "Ipo kwenye kitambulisho."

"Nani alimwona akizaliwa tarehe moja mwezi wa saba? Mama yangu naye ni tarehe moja mwezi wa saba. Jirani pale naye. Karani aliwaandika wote siku moja kwa sababu hawakujua. Lakini kila mwaka siku hiyo mnakuja na soda, mnamwimbia, na yeye anafurahi."

"Hiyo ni ofisi," Masanja akasema. "Dini si ofisi. Siwezi kumdanganya Mungu kwa karani."

Ilikuwa hoja. Mimi kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma. Alikuwa anaogopa kwelikweli.

Baba aliongea kwa Kisukuma, na naandika hapa kadiri nilivyomwelewa. "Jua nimelisalimia tangu sijaota ndevu. Mama yenu alipougua, nililiomba hadi koo likakauka. Likachwa kama siku nyingine. Sikulikasirikia. Lakini yeye alikuwa anasali jioni, ananitaja jina langu, mimi niko nje namsikia. Nataka kuingia mahali alipokuwa anaongelea. Wakifungua kesho, nitaingia kesho. Wangefungua mwezi wa sita ningengoja, ila kifua hiki hakitangoja."

Kisha akatutazama mimi na Masanja. "Na nyinyi wawili hamnisimamii. Mnagombana. Atanisimamia huyu mgeni."

Kigangoni

Asubuhi ya Krismasi Masanja alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akamtandikia baba godoro. Hakuvaa nguo za sikukuu. Alivaa buti zake za shambani, mjeledi mkononi.

"Nampeleka baba," akaniambia. "Siendi Krismasi."

Tulipofika aliuegesha mkokoteni karibu na mlango wa kigango, akabaki ameukalia.

Kanisa lilijaa. Misa ikaenda hadi ilipofika zamu ya ubatizo, na padre akamwita Luhende, ambaye sasa angeitwa Yosefu. Baba alitakiwa kusogea hatua chache tu hadi kwenye beseni. Akainuka nusu, magoti yakakataa. Elikana akamshika mkono, akavuta, lakini yeye mwenyewe ni mwembamba na ni mzee. Wakayumba wote wawili, na kanisa zima likasema "aa!" Nikaanza kuwapenya watu kutoka upande wa wanawake.

Kabla sijafika nikasikia buti. Masanja alipita katikati na matope yake, hakumtazama padre wala mtu. Akampa Elikana mjeledi aushike. Akaingiza mikono kwapani mwa baba, akamwinua kama anavyoinua ndama aliyekwama, akambeba hadi kwenye beseni, akamshikilia hapo kifuani pake.

Padre akamimina. Maji yalikuwa ya kisima, yametekwa alfajiri. Yalimpata baba kichwani na Masanja kwenye shati.

"Yaani, baridi!" baba akapiga kelele.

Kanisa likacheka, padre naye akashindwa kujizuia. Masanja hakucheka. Alikuwa anampangusa baba shingo kwa kiganja, polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Kisha alimketisha na kumfunika kile kitambaa cheupe, akachukua mjeledi wake. Nilidhani atatoka. Alisimama ukutani, karibu na mlango, hadi wimbo wa mwisho.

Nje nilimfuata anapofunga ng'ombe. "Masanja, mwaka jana nilisema kwa kujionyesha. Nilikuwa nimesoma nusu ya habari. Nisamehe."

"Kwa nini hukusema kwamba ni nusu?"

"Sikujua kwamba ni nusu."

Akakaza kamba. "Mimi bado siamini tarehe hii, dada."

"Sawa."

"Sawa?" Akaniangalia kwa mashaka, kama nimemtega. Sikuwa nimemtega.

Kurudi

Nilikaa siku moja zaidi. Tulikula wali na kuku, Masanja akala sahani mbili, akatangaza kwamba anakula kwa sababu baba amebatizwa, si kwa sababu nyingine. Minza akamwongezea mchuzi. Elikana na baba walikaa pembeni wanabishana upande ambao jua litatokea mwezi wa sita, na baba ndiye aliyekuwa sahihi, kwa maana amekaa hapo miaka mingi zaidi.

Baba bado anakohoa. Nilimwachia dawa, Minza anampa asubuhi na jioni. Nimeambiwa juzi alitembea hadi zizini.

Siku ya kuondoka, Masanja alinisindikiza hadi barabarani, akaufunga mkoba wangu nyuma ya pikipiki mwenyewe, akaikagua zipu. Dereva alikuwa ameshawasha. Masanja akashika usukani wa pikipiki kuizuia.

"Dada, na Pasaka je?"

"Pasaka imefanyaje?"

"Kila mwaka tarehe yake inahama. Nani anaihamisha?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Kuna mwezi mpevu, kuna Jumapili, kuna hesabu niliyowahi kuisoma mahali. Nikamwangalia mdogo wangu, jinsi alivyokaza macho akingoja, na jinsi ambavyo angelibeba neno lolote nitakalompa hadi shambani.

"Sijui vizuri," nikamwambia. "Nitasoma yote, halafu nije."

Akaachia usukani.